Ndege Wanywao Mbochi na Hatima ya Maua ya Kiangazi katika Bonde la Lukuledi: Ulinganisho wa Kasuku wa Pasifiki na Chozi wa Uwanda wa Makonde

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maisha ya asili ya kasuku wa rangi nyingi wanaoishi kwa nekta, yaani mbochi, na kuyalinganisha na ya ndege wanaofanya kazi hiyo hiyo katika bonde la Mto Lukuledi na Uwanda wa Makonde, kusini-mashariki mwa Tanzania. Kasuku hao hawapatikani Afrika. Katika maeneo ya Masasi, Newala na Lindi nafasi yao imeshikwa na chozi, na kwa kiasi kidogo na kasuku mwenye kichwa cha kahawia. Hoja kuu ni kwamba ndege wa mbochi, wawe wa Pasifiki au wa Lukuledi, hutegemea maua yanayopokezana mwaka mzima, na kwamba kukatika kwa mfululizo huo ndiko kunakowahatarisha kuliko kupungua kwa mti mmoja mmoja. Makala yanajadili pia tatizo la istilahi, kwa kuwa Kiswahili bado hakina jina la kawaida la kasuku hao.

1.0 Utangulizi

Mto Lukuledi huanzia upande wa Masasi, hupita Ndanda na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi penye ghuba ya Lindi. Kusini mwa bonde lake umeinuka Uwanda wa Makonde, unaoendelea hadi kwenye miteremko inayotazama Mto Ruvuma. Kaskazini mwake umesimama Uwanda wa Rondo. Uwanda wa Makonde umeinuka zaidi upande wa magharibi, ambako mji wa Newala umekaa karibu na ukingo wa ngema, na hushuka polepole kuelekea baharini. Udongo wake ni wa kichanga unaopitisha maji upesi. Kwa sababu hiyo juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu, na kwa vizazi vingi wakazi walilazimika kushuka ngema kufuata maji mabondeni. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayosalia ni ya kiangazi.

Katika mazingira ya namna hiyo, kiumbe anayeishi kwa maji matamu ya maua hukabiliwa na swali gumu: atakula nini mvua zikishakoma? Swali hilo ndilo linalofanya maisha ya ndege wa mbochi yastahili kuchunguzwa. Ndege huyo hawezi kuweka akiba, na ua moja humpa chakula cha dakika chache tu. Akikosa maua kwa siku mbili au tatu, hana budi kuhama au kufa.

Katika fikra za wasemaji wa Kiswahili, kasuku ni ndege wa maneno. Husemwa kwamba mwanafunzi amekariri kama kasuku pale anapotamka asichokielewa. Taswira hiyo imetokana na ndege wa kufugwa, hususan kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi, na imefunika upande mwingine wa maisha ya jamii hii ya ndege. Kati ya spishi zipatazo 400 za kasuku duniani, wapo wengi ambao uhusiano wao na maua ni wa muhimu kuliko uwezo wao wa kuiga sauti. Makala haya yanaanza na hao, kisha yanarudi Lukuledi.

2.0 Suala la Istilahi

Kundi la kasuku wanaoishi kwa mbochi hujulikana kitaalamu kama kabila la Loriini. Katika lugha za Ulaya huitwa kwa majina yaliyotokana na neno la Kimalei luri au nuri. Kulitohoa neno hilo moja kwa moja kuingia katika Kiswahili kungezaa lori, na lori kwa msemaji wa Kiswahili ni gari kubwa la mizigo. Sentensi isemayo kwamba lori wawili wametua juu ya mnazi ingemchekesha msomaji kabla ya kumwelimisha.

Kiswahili kina njia nyingine iliyozoeleka ya kuunda majina ya wanyama, nayo ni kuambatisha maneno mawili yaliyopo ili la pili lieleze sifa ya la kwanza. Kwa kufuata njia hiyo, makala haya yanatumia jina kasuku-mbochi. Mbochi ni neno la Kiswahili lenye maana ya maji matamu yaliyomo ndani ya ua, na kasuku linaeleweka na kila msemaji. Jina hilo linataja jamii ya ndege na chakula chake kwa pamoja, wala haligongani na neno lingine.

Kwa upande wa ndege wa Kiafrika tatizo ni la aina nyingine. Neno chozi humtaja ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, lakini pia humaanisha tone la maji litokalo jichoni. Upatanisho wa kisarufi huondoa utata huo, kwani husemwa chozi hili la mtoto, lakini chozi huyu wa porini. Hata hivyo jina hilo hukusanya pamoja spishi nyingi zinazotofautiana kwa ukubwa, kwa makazi na kwa maua zinayoyatembelea. Mtafiti anayekusanya maelezo ya wanavijiji hapaswi kuridhika na jibu kwamba aliyeonekana ni chozi, bali aulize pia rangi ya kifua, urefu wa mdomo na mti aliokuwa ametua.

3.0 Kasuku-Mbochi: Maumbile na Mtawanyiko

Kasuku-mbochi ni spishi zipatazo 60. Kitovu chao ni kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa vinavyokizunguka. Kutoka hapo wameenea hadi Australia upande wa kusini, Maluku, Timor na Sulawesi upande wa magharibi, Mindanao nchini Ufilipino upande wa kaskazini, na visiwa vya mbali vya Polinesia upande wa mashariki. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu zao wa karibu ni yule kasuku mdogo wa Australia anayefugwa sana vizimbani, pamoja na kasuku wadogo walao tini.

Kiungo kinachowatambulisha ni ulimi. Kwenye ncha yake kuna vinyuzi vingi vidogo vya nyama ambavyo ndege anapofunga mdomo hulala, na anapoutoa ulimi ili ale husimama kama nywele za brashi. Vinyuzi hivyo hufyonza mbochi na kukusanya chavua kwa wakati mmoja. Firigisi yao nayo ina kuta nyembamba kuliko ya kasuku walao mbegu, kwa kuwa chakula laini hakihitaji kusagwa kwa nguvu.

Chavua haikusanywi kwa bahati. Mbochi una sukari nyingi lakini protini kidogo mno, na ndege hawezi kuotesha manyoya wala kulea vifaranga kwa sukari peke yake. Kasuku-mbochi hupata sehemu kubwa ya protini yao kutoka katika chavua, ambayo mifumo yao ya umeng'enyaji inaweza kuitumia. Miti ya jamii ya mikaratusi, ambayo asili yake ni Australia na visiwa jirani, huwapa vyote viwili katika ua moja lililo wazi, lenye nyuzi nyingi za chavua na mbochi tele.

Rangi zao zina asili ya pekee. Wekundu, rangi ya chungwa na manjano ya kasuku hutokana na kemikali ambazo mwili wao huzitengeneza wenyewe, na ambazo hazijulikani katika jamii nyingine ya ndege. Buluu hutokana na jinsi muundo mdogo ndani ya unyoya unavyotawanya mwanga. Buluu hiyo ikikutana na manjano, jicho huona kijani. Kwa hiyo ndege mmoja, kama vile kasuku-mbochi wa upinde wa mvua wa pwani ya mashariki ya Australia, anaweza kuwa na kichwa cha buluu, kifua chekundu chenye manjano na mgongo wa kijani.

Si kila kasuku-mbochi anayepungua. Huyo wa upinde wa mvua amezoea miji, hula kwenye miti ya maua iliyopandwa barabarani, na huko Perth, ambako si kwao, ameongezeka tangu miaka ya 1960 kiasi cha kuhesabiwa kuwa msumbufu. Kinyume chake, spishi za jenasi Vini zinazoishi katika visiwa vya Polinesia zimepungua sana, hasa kwa sababu ya panya weusi walioletwa na meli, ambao hupanda miti na kula mayai na vifaranga. Mwaka 2007 kasuku-mbochi wa kisiwa cha Rimatara walirudishwa katika kisiwa cha Atiu, katika Visiwa vya Cook, ambako panya hao hawajafika. Tofauti kati ya Perth na Polinesia inafundisha kwamba aina ya chakula haitoshi kumwokoa au kumwangamiza ndege. Linaloamua ni kama mahali anapoishi pana maua mfululizo na pana usalama wa kuzalia.

4.0 Kwa Nini Afrika Haina Kasuku-Mbochi

Afrika ina kasuku wachache ikilinganishwa na Australia au Amerika ya Kusini. Katika Afrika Mashariki wapo cherero, kasuku wa jenasi Poicephalus na kasuku wa kijivu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye ulimi wa brashi. Mambo matatu yanasaidia kulieleza jambo hilo.

La kwanza ni historia. Kasuku-mbochi walichipuka na kugawanyika katika eneo la Guinea Mpya, na bahari iliwawekea mpaka upande wa magharibi. Waliweza kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, lakini hawakuvuka bara la Asia kuja Afrika.

La pili ni maua yenyewe. Misitu ya Australia na visiwa vyake imetawaliwa na miti inayotoa maua wazi yenye mbochi na chavua nyingi, yanayoweza kumlisha ndege mwenye uzito wa gramu 100 na zaidi. Katika misitu ya miombo na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, miti mingi huchavushwa na wadudu, na mingine, kama mbuyu na mwegea, hufungua maua yake usiku na kuwategemea popo.

La tatu ni kwamba nafasi hiyo ilikwisha kushikwa. Chozi, jamii yenye spishi zaidi ya 140 barani Afrika, Asia na hata kaskazini mwa Australia, wana maumbile yanayolingana na maua membamba yenye mrija. Ua lenye umbo la tarumbeta halimfai kasuku mwenye mdomo mnene, lakini humfaa chozi.

5.0 Wanaoishika Nafasi Hiyo Lukuledi

5.1 Chozi

Katika bonde la Lukuledi na kwenye uwanda wa juu huonekana spishi kadhaa za chozi. Mkubwa na mashuhuri ni chozi kifua-chekundu (Chalcomitra senegalensis), ambaye dume lake lina mwili mweusi na kifua chekundu chenye vichembe vya buluu. Yupo pia chozi wa zambarau (Chalcomitra amethystina), chozi mkufu (Hedydipna collaris) mwenye tumbo la manjano, na chozi kijani-zeituni (Cyanomitra olivacea), ambaye hana mng'ao na hupenda kivuli cha misitu.

Ulimi wa chozi ni mrefu, umejikunja kama mrija na umegawanyika nchani. Ndege huuingiza ndani ya ua na kuvuta mbochi. Tofauti na wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua, chozi hupendelea kutua, na kwa sababu hiyo maua mengi ya Kiafrika yanayomtegemea yamekaa karibu na kijiti anachoweza kusimamia. Ua likiwa refu kuliko mdomo wake, chozi hulitoboa ubavuni karibu na kitako na kunywa bila kugusa chavua. Katika hali hiyo ndege amekula, lakini mti haukufaidika.

Rangi ya chozi dume haifanani kiasili na ya kasuku. Kijani, buluu na zambarau inayong'aa hutokana na tabaka nyembamba za chembe za rangi nyeusi ndani ya unyoya, ambazo huakisi mwanga kwa namna inayobadilika kadiri ndege anavyogeuka. Ndiyo maana ndege yule yule huonekana mweusi kivulini na kung'aa kama madini juani.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa makala haya ni ya protini. Kasuku-mbochi huipata kwenye chavua, lakini chozi huipata kwa buibui na wadudu wadogo, ambao ndio huwalisha vifaranga vyake. Hata kiota chake, kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, hushikamanishwa kwa utando wa buibui, na mjenzi wake ni jike. Kwa hiyo chozi anahitaji vitu viwili mahali pamoja, yaani maua na wadudu. Shamba lenye maua lakini lisilo na wadudu humpa sukari bila kumpa kizazi.

5.2 Kasuku mwenye kichwa cha kahawia

Kasuku huyu (Poicephalus cryptoxanthus) ndiye anayekaribia zaidi maisha ya kasuku-mbochi katika eneo hili. Ana urefu wa sentimita 22 hivi, mwili wa kijani, kichwa cha kahawia na manjano chini ya mbawa ambayo huonekana anaporuka. Alielezwa kisayansi na Wilhelm Peters mwaka 1854 kutokana na ndege wa Inhambane, Msumbiji, na huishi kuanzia pwani ya Kenya hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Chakula chake kikuu ni mbegu, njugu na matunda, lakini hula pia maua na kunywa mbochi. Kwa kuwa hana ulimi wa brashi, mara nyingi hulichana ua ili apate kilichomo, na kwa mti huo yeye ni mgeni wa gharama.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kunywa mbochi si tabia ya kundi moja. Katika jamii ya kasuku peke yake, tabia hiyo imejitokeza zaidi ya mara moja: kwa kasuku-mbochi, kwa kasuku mwepesi wa Tasmania, na kwa kasuku wadogo wa Asia wanaolala wakiwa wananing'inia kichwa chini. Penye mbochi wa kutosha, ndege wa jamii mbalimbali huufuata, kila mmoja kwa chombo alichopewa na historia yake.

6.0 Mfululizo wa Maua na Kilimo cha Korosho

Ndege wa mbochi wa Lukuledi huishi kwa kuhama kutoka ua hadi ua. Mvua zinapokoma huchanua mishubiri kwenye miamba, ikiwa ni pamoja na vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Masasi. Katika kiangazi huchanua mibambangoma, ambayo hudondosha majani kabla ya kutoa maua mekundu yanayoonekana kutoka mbali. Juu ya matawi ya miti mingine huota kirukia, mmea unaofyonza maji ya mwenyeji wake. Vitumba vya baadhi ya virukia hubaki vimefungwa hadi chozi avidonoe. Vinapodonolewa hufunguka ghafla na kumrushia chavua kichwani. Karibu na nyumba, mkungu wa ndizi humpa mbochi karibu kila mwezi.

Kila mmea katika orodha hiyo hutoa maua kwa muda mfupi. Thamani yake kwa ndege iko katika kupokezana: huu ukimaliza, ule uwe umeanza. Mmoja ukiondolewa, pengo la wiki kadhaa hutokea, na pengo hilo likiangukia katikati ya kiangazi haliwezi kufidiwa na maua mengi ya msimu mwingine.

Mandhari ya uwanda yamebadilika sana katika karne moja iliyopita. Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliukuta uwanda ukiwa na vichaka vizito vilivyopitika kwa njia nyembamba tu. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1950, mkorosho ulienea hadi kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Mtwara na Lindi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho. Uzalishaji uliporomoka katika miaka iliyofuata kwa sababu kadhaa, zikiwemo kuhamishwa kwa wakulima kwenda vijijini mbali na mikorosho yao na kuenea kwa ugonjwa wa ubwiriunga, kisha ukainuka tena. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimekuwa na mchango mkubwa katika ufufuo huo.

Mkorosho si adui wa ndege. Ni mti wenye kivuli, hudumu miongo mingi, na ni bora kwa viumbe wengi kuliko uwanja mtupu. Lakini maua yake ni madogo, huchavushwa hasa na wadudu, na huja kwa msimu mmoja. Pale kichaka chenye aina nyingi za mimea kinapogeuzwa kuwa mikorosho mitupu, mfululizo wa maua hugeuka kuwa tukio la mara moja kwa mwaka.

Jambo la pili ni viuatilifu. Ubwiriunga hudhibitiwa kwa salfa ya unga inayopulizwa wakati wa kuchanua, na imethibitika kwamba matumizi yake ya miaka mingi huongeza tindikali katika udongo wa kichanga. Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na kuyakausha, hudhibitiwa kwa dawa za kuua wadudu. Dawa hizo hazimchagui mbu wa mikorosho peke yake. Kwa kuwa chozi hulea vifaranga kwa buibui na wadudu, hoja ya protini iliyotolewa katika sehemu ya 5.1 inageuka hapa kuwa hoja ya kilimo.

Bahati njema ni kwamba ipo njia inayomfaa mkulima na ndege kwa pamoja. Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, humshambulia mbu wa mikorosho na kuupunguza uharibifu wake. Mkulima anayewatunza maji moto shambani mwake hupunguza haja ya dawa, na kwa kufanya hivyo huacha buibui na wadudu wengine waendelee kuishi. Wengi huwachukia chungu hao kwa sababu ya kuumwa wakati wa kuokota korosho, na chuki hiyo haiwezi kupuuzwa katika kupanga elimu ya ugani.

7.0 Mbambangoma wa Lindi: Mti Uliohesabiwa Kufa

Hatari ya kukatika kwa mfululizo wa maua inaonekana wazi katika historia ya mti mmoja. Erythrina schliebenii, ndugu wa mbambangoma wa kawaida, ulikusanywa katika miaka ya 1930 eneo la Ziwa Lutamba, magharibi ya mji wa Lindi, na ukapewa jina la mkusanyaji wake Mjerumani, Schlieben. Una shina lenye miiba na maua mekundu. Misitu ya eneo ulikokusanywa ilifyekwa, na mwaka 1998 mti huo uliorodheshwa kimataifa kuwa umetoweka duniani.

Mwaka 2001 ulionekana tena katika msitu wa Namatimbili, wilayani Kilwa. Baada ya hapo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuthibitisha tena mwaka 2011, na ukahamishiwa katika kundi la spishi zilizo hatarini zaidi, ikikadiriwa kwamba miti iliyokomaa haifiki 50.

Jenasi Erythrina kwa jumla huchavushwa na ndege. Katika Afrika na Asia maua yake hupangika kwa namna inayomruhusu ndege kutua na kunywa bila kuelea. Mti wa namna hiyo ukibaki michache na kutengana, hatari yake ni maradufu. Ndege wanaweza kuacha kuutembelea kwa kuwa haustahili safari, na chavua haifiki kwenye mti wa pili. Kwa upande mwingine, ndege wakipungua, hata miti iliyosalia itatoa mbegu chache. Mti na ndege hubebana, na kuanguka kwa mmoja humvuta mwenzake. Kwa hiyo hifadhi inayohesabu miti bila kuwahesabu wanaoitembelea inahesabu nusu tu ya jambo.

8.0 Ukamataji na Biashara

Uzuri wa rangi umekuwa mzigo kwa kasuku kila mahali. Kasuku-mbochi wa Indonesia na Visiwa vya Solomon walikamatwa kwa wingi kwa ajili ya vizimba vya ng'ambo hadi masharti yalipokazwa. Umoja wa Ulaya, uliokuwa soko kubwa, ulisitisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 na kuufunga kabisa mwaka 2007.

Tanzania nayo ina historia yake. Cherero wa Fischer, ambaye makazi yake ya asili ni kaskazini mwa nchi, kusini mwa Ziwa Viktoria, alisafirishwa kwa wingi sana katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini zilikubaliana kuzuia biashara ya kasuku wa kijivu wa porini.

Chozi amenusurika na biashara hiyo kwa sababu kumweka hai kizimbani ni kazi ngumu. Wanaomfikia ni vijana wenye manati na ulimbo. Madhara ya manati hayalingani na madhara ya kufyeka kichaka kizima, lakini vijana hao hao wanajua vizuri kuliko wengi ni mti gani unachanua wakati gani na ni ndege gani huufuata. Maarifa hayo yakiandikwa yanaweza kuwa kalenda ya maua ya uwanda, ambayo ni chombo cha kwanza kinachohitajika katika hifadhi ya ndege wa mbochi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kasuku-mbochi wa Pasifiki na chozi wa Lukuledi, ingawa hawana udugu wa karibu, wanaongozwa na sharti moja: maua yapokezane. Wanatofautiana katika chombo cha kunywea, katika asili ya rangi na, zaidi ya yote, katika chanzo cha protini. Tofauti hiyo ya mwisho ina maana ya kivitendo, kwani humfunga chozi kwenye uhai wa wadudu mashambani.

Kutokana na hoja hizo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vichaka vilivyosalia kwenye ngema za Newala, kwenye vilima vya Masasi na kandokando ya mto viachwe visimame, kwa kuwa mahali hapo hapafai sana kwa kilimo lakini ndipo penye aina nyingi za maua. Pili, mibambangoma na mimea mingine ya maua ya kiangazi iliyomo ndani ya mashamba ya korosho isikatwe wakati wa kusafisha shamba, na matumizi ya maji moto yafundishwe pamoja na matumizi ya dawa. Tatu, tafiti zijazo zikusanye majina ya ndege na ya mimea kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao sambamba na Kiswahili. Jina likipotea, ujuzi wa mti huchanua lini na nani huutembelea hupotea nalo, na bila ujuzi huo pengo katika mfululizo wa maua litagunduliwa baada ya ndege kuwa wameshaondoka.